Orpa, Abiria wa Keria

Katika mtaa wote wa Sharpstown, jijini Houston, Marekani, hakukuwa na mtu aliyesafiri kwa baiskeli kumshinda Orpa, na hakukuwa na mtu asiyejua kuendesha baiskeli kumshinda Orpa. Mambo hayo mawili hayagombani hata kidogo. Alikuwa abiria. Tangu usichana wake kule Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, yeye na baiskeli walijuana kwa upande wa nyuma tu: kwenye keria, miguu yote upande mmoja, kitenge kimebanwa magotini, mkono mmoja umeshika springi za kiti cha dereva na mwingine umeshika chochote kilichokuwa safarini siku hiyo. Siku nyingine Biblia, siku nyingine kuku, baadaye mtoto.

Dereva alikuwa Alain. Alimbeba kwenda mazoezi ya kwaya wakati bado anamchumbia, akipita kwa makusudi njia ya mzunguko. Alimbeba siku walipooana. Vita ilipowafukuza alimbeba kwenye njia za porini, mdogo wake Josué, aliyekuwa bado anang'oka meno ya utoto, amekaa kwenye bomba la mbele, na mfuko wa unga unaning'inia kwenye usukani. Kambini Nyarugusu, upande wa Tanzania, alimbeba kwenda kujifungua na akamrudisha akiwa na Élodie mapajani. Wengine wana albamu za picha. Orpa ana keria.

Wasiowahi kubebwa hudhani kazi ya abiria ni kukaa. Na wajaribu. Abiria mwenye adabu hatikisiki, hageuki ghafla kumsalimia shoga yake, haulizi tutafika saa ngapi, wala hampi dereva mashauri ya barabara. Na kwenye mlima hushuka. Hasubiri kuambiwa. Akisikia tu pumzi ya dereva imebadilika, anateleza chini polepole, anatembea nyuma huku akisukuma kidogo, na wakifika kileleni anarukia tena mahali pake na safari inaendelea. Orpa alikuwa bingwa wa mambo hayo yote, na hakuna aliyewahi kumpongeza, kwa sababu nani anampongeza abiria?

Kisha wakaletwa Houston, jiji ambalo mtu huwasha gari kwenda kununua maziwa ng'ambo ya barabara, na ukionekana unatembea kwa miguu watu hudhani umepatwa na msiba. Baiskeli ikatoka katika maisha yao bila kuaga. Alain alipata kazi ghalani, akiendesha gari la kunyanyulia mizigo. Orpa alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, ambako aliwaogesha, akawalisha, na kubishana nao kuhusu televisheni. Élodie alisoma, akahamia Dallas kufanya kazi za kompyuta ambazo mama yake hakuwahi kuzielewa sawasawa. Maisha yalikuwa yamekaa.

Ndipo presha ya macho ikamwingia Alain bila kupiga hodi. Ilianza kula pembeni, taratibu, naye akaificha kwa sababu alipenda kazi yake. Alipokubali kwenda kwa daktari, ilibaki kuambiwa kwamba kilichopotea hakirudi. Mwisho akawa anaona mwanga na vivuli, basi.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha na hakutoka tena. Kanisani aliacha kwenda, kwa sababu mara ya mwisho waumini watatu walikuwa wamemdaka mkono mmoja kwa pamoja, huyu akimwambia Papa kuna ngazi, yule Papa pita huku, na kwa upendo wao wote nusura wamvunje. Jambo moja lilimchoma kuliko giza lenyewe: kushikwa mkono. Yeye, aliyebeba ukoo mzima mgongoni mwa baiskeli, aongozwe kama mtoto anayepelekwa kuogeshwa! Hata Orpa hakuruhusiwa. Alikwenda msalani akipapasa ukuta.

Na Josué hakuambiwa. Josué sasa alikuwa mwanaume mwenye upara unaochipukia, anaishi Nantes, Ufaransa, na kila Jumapili alipiga simu ya picha. Hapo Orpa alisimama nyuma ya simu na kukohoa kidogo, ili Alain ajue aelekeze uso wapi. Mchezo ule uliendelea karibu miaka miwili. Josué hakugundua kitu, ila alisikitishwa sana na kifua cha shemeji yake, akawa anamwombea na kumtumia mapishi ya tangawizi.

Mambo yangeendelea hivyo kama Josué asingeamua kuoa. Alikuwa amekaa ukapera mpaka akina mama wa kanisa lake walikwisha acha kuliombea jambo hilo. Baba yao alifariki zamani, na kwa watu wao hapo hapana mjadala: kaka mkubwa ndiye baba. Yeye ndiye anayesimama, anayewapokea wakwe, anayesema maneno ya kumpokea bibi-arusi. Bila Alain hakuna harusi. Josué alisema Juni. Alain akasema kazi imebana. Josué akasema basi Septemba. Alain akasema bosi amekataa. Josué akasema harusi itamngojea mpaka huyo bosi awe binadamu. Lakini mchumba alikwisha chagua kitambaa cha gauni, na jamaa zake walianza kuuliza huyu kaka ni wa aina gani. Siku moja Josué alimpigia Orpa peke yake kazini na kumuuliza kama kaka yake anamkataa yule mwanamke.

Orpa alirudi nyumbani na maneno hayo. Alain alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba akienda atafika ameshikwa mkono, na Josué hatamwona hivyo akiwa hai. Tena alilisema kwa upole, kama mtu anayetaja jina lake. Orpa akajua kwamba kaka na mdogo wake wanapotezana, na hakuna anayetaka.

Sasa, Alain alibakiwa na starehe moja. Kuna Mfaransa fulani kwenye simu, mwenye sauti ya mtu aliyekula vizuri, ambaye kazi yake ni kusimulia njia za baiskeli. Alain alianza kumfuata zamani, bado ana macho, na njia aliyoipenda ilikuwa ile inayoandama mto Loire kutoka mji wa Tours mpaka karibu na bahari. Mfaransa yule alirudia kila mara: tambarare, magari machache, kibao kila njia panda, inawafaa hata wanaoanza, hata wewe ambaye hujagusa baiskeli tangu utoto, njoo tu. Orpa alipiga pasi akisikia sauti hiyo miezi na miezi mpaka akayajua majina ya miji ile kwa mfuatano, kama anavyowajua wana wa Yakobo. Tours, Villandry, Saumur, Ancenis, Nantes. Alikuwa na kola ya shati mkononi siku alipogundua kwamba Nantes ya Mfaransa na Nantes ya Josué ni mji mmoja. Kola iliungua.

Mawazo yake yalikuwa mepesi kabisa. Mtu aliye juu ya baiskeli hashikwi mkono. Basi Alain afike kwa baiskeli. Alimwambia hivyo hivyo, palepale, pasi bado inafuka moshi. Alain akauliza ni nani atakayeendesha. Orpa akasema yeye.

“Siku weye utaendesha kinga,” Alain alisema, maana kinga ndivyo Wakongo wanavyoita baiskeli, “miye nitakufuata mpaka Yerusalemu.”

Mwanaume akisema hivyo anadhani amefunga mlango na kuweka komeo. Orpa alisikia ahadi.

Mwalimu alimpata kazini. Fiona alikuwa nesi Mkenya anayeishi Pearland, mji wa jirani, aliyekuja kwenye nyumba ile ya wazee kukagua vidonda na kuwakemea wafanyakazi, na mwisho wa wiki aliendesha baiskeli na manesi wenzake, wote wamevaa nguo za kubana zenye rangi za kasuku. Orpa alipomweleza haja yake, Fiona alimtazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akauliza umri wake, akaambiwa, akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Jumamosi iliyofuata aliegesha gari Sharpstown na baiskeli juu ya paa.

Uwanja wa mafunzo ulikuwa maegesho ya magari ya nyumba zao, katikati ya ghorofa nne zenye veranda. Hapo pana watu wa kila taifa lililowahi kukimbizwa na mtu, na asubuhi ile wote waligundua kwamba ni wataalamu wa baiskeli. Mashauri yalimwagika kutoka juu kwa Kihispania, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa lugha nyingine ambazo Orpa hakuzijua ila alielewa kwamba anaambiwa anyooshe mgongo. Alikuwa amevaa suruali ya kazi ya Alain chini ya kitenge, kwa sababu nguo za kasuku alizikataa mapema. Fiona alishusha kiti mpaka miguu ikagusa lami, akamwamrisha ajisukume tu, atembee amekaa.

“Relax mabega, Mama Élodie. Na usiangalie wheel, haiendi popote bila wewe,” Fiona alimwambia. “Angalia pale unataka kwenda.”

Lilikuwa jambo gumu kuliko linavyosikika. Maisha yake yote safarini Orpa alikuwa anaangalia mgongo wa mtu. Sasa mbele yake palikuwa peupe, na peupe palimtisha. Aliangukia ua la michongoma, akaangukia pipa la taka, akaangukia tena lile ua ambalo sasa lilikuwa na umbo lake. Kila alipoanguka veranda zote zilinyamaza, na kila aliponyanyuka zilipiga makofi. Alain alikuwa kwenye kiti chake, dirisha limefungwa. Lakini Orpa aligundua jioni moja kwamba dirisha limeachwa wazi kidogo, kiasi cha kidole, akajifanya hakuona.

Hatimaye alizunguka maegesho yote bila kugusa chini. Fiona akasema basi, twende kwenye njia yenyewe, akampeleka Brays Bayou, ule mto uliojengewa kingo za saruji ambao kazi yake ni kutulia mwaka mzima halafu kuitisha Houston siku ya mvua kubwa. Kandokando yake kuna njia nzuri ya baiskeli. Houston haina milima, wenyewe wanakiri, lakini njia ile inateremka kupita chini ya madaraja ya barabara kisha inapanda upande wa pili, na hiyo ndiyo milima ya hapo.

Orpa alianza vizuri mno. Upepo uliingia kwenye kilemba, bata wakampisha, na akajikuta anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya pili. Njia ikateremka chini ya daraja, akateremka nayo bila kukamata breki, Fiona nyuma yake anashangilia. Kisha ikaanza kupanda. Baiskeli ikapunguza mwendo. Orpa akasikia pumzi ya dereva inabadilika, inakuwa nzito, inakwama kidogo kifuani. Na mwili wake, bila kumwuliza mwenyewe, ukafanya ulichofanya kila mlima tangu usichana. Uliteleza ukashuka.

Pumzi ilikuwa yake, lakini hilo alilikumbuka akiwa tayari amesimama chini. Baiskeli, iliyoachwa ghafla bila dereva wala abiria, ilienda mbele hatua chache kwa heshima, ikageuka taratibu kama inayotafuta anwani, ikateremka ukingo wa saruji na kuingia majini.

Fiona, ambaye kwa kazi yake ameona watu wamefanya mengi, alisimama kinywa wazi. Alichoweza kuuliza ni kama Mama Élodie alishuka kwa sababu amefika.

Walipoiopoa wote wawili walikuwa na matope mpaka kiunoni. Orpa aliingia nyumbani akinuka bayou, na kwa vile mumewe alibakiwa na pua nzima hakukuwa na cha kuficha. Alisimulia yote, amesimama kwenye gazeti asichafue sakafu. Alipofika pale baiskeli inageuka yenyewe kwenda majini, Alain alianza kutikisika. Akacheka. Alicheka mpaka akashika magoti, kicheko cha zamani, kile cha Baraka, ambacho Orpa alikwisha kata tamaa nacho. Alisimama kwenye gazeti lake akamtazama, furaha imemjaa mpaka inamuuma, akiombea kisikome.

Kilikoma chenyewe. Alain akafuta uso, akauliza sababu:

“Lakini ulishuka juu ya nini?”

“Mulima ilifika. Nilisikia dereva anachoka.”

“Na zamani? Kila mulima weye ulishukaka. Miye nilifikiri ni woga.”

“Woga ya nini?” Orpa alisema. “Nilishukaka juu ya kifua yako.”

Alain aligeuza uso kumwelekea. Akauliza kama ile milima ya kukimbia, ile ya porini, aliipanda kwa miguu pia. Orpa akasema yote. Akauliza hata ule mrefu kabla ya mpaka, na yeye alikuwa na homa. Orpa akamwambia alisema yote, anataka amtajie mmoja mmoja? Hapo ikamwingia hasira kidogo pia, maana miaka thelathini na kitu ni muda mrefu wa mtu kudhaniwa mwoga. Lakini alipomwona mumewe amekaa vile, mikono imelala wazi mapajani, anajumlisha milima upya kichwani, hasira ikamwishia.

“Bon,” Alain alisema mwishowe. “Kesho unionyeshe hiyo kinga.”

Fiona ndiye aliyeleta wazo la baiskeli ya watu wawili, ile ndefu yenye viti viwili na pedali pande zote, akaiazima kwa rafiki yake mmoja wa kundi la kasuku. Alain aliteremka ngazi mwenyewe, akishika ukuta. Aliipapasa ile baiskeli kuanzia mbele mpaka nyuma kama anayenunua ng'ombe, na vidole vyake vilipokuta kwamba kiti cha nyuma nacho kina pedali, uso wake ulibadilika. Kumbe wa nyuma siyo mzigo. Kumbe wa nyuma anafanya kazi. Alipanda bila kusubiri kuambiwa.

Siku za kwanza zilikuwa ugomvi mtupu. Alain alikuwa na miguu ya farasi na mdomo wa trafiki. Breki, alisema. Gia, alisema. Gari linakuja kushoto, alisema, na kweli lilikuwa linakuja, maana alilisikia kabla Orpa hajaliona, jambo ambalo lilimuudhi Orpa zaidi. Mwishowe alisimamisha baiskeli katikati ya maegesho, akageuka, akamsomea mumewe sheria za abiria kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sauti ambayo veranda zote zilipata fungu lake. Alain alizipokea. Kuzifuata ilikuwa habari nyingine.

Élodie alikuja mbio kutoka Dallas aliposikia. Alisimama jikoni mikono kiunoni, mtoto aliyezaliwa kambini na kukua amebebwa, akasema, “Mama, you fell into a bayou.” Orpa akamsahihisha kwamba baiskeli ndiyo iliyotumbukia, yeye alibaki ukingoni. Élodie alibishana mpaka alipotazama dirishani akamwona baba yake nje, amesimama kwenye jua, anabishana na jirani Mhondurasi kuhusu upepo wa matairi. Akalia kidogo kwenye taulo la vyombo. Kisha akafungua kompyuta na kutafuta tiketi.

Alain alimpigia Josué mwenyewe. Alimwambia wanakuja, tena watafika kwa baiskeli kutoka Tours. Josué akacheka sana na kusema kaka hajabadilika. Kuhusu macho Alain hakusema. Orpa alitaka lisemwe wazi, lakini mumewe akasema atalisema kwa kinywa chake, akiwa amesimama mbele ya mdogo wake, na hapo Orpa hakuwa na njia ila kuomba Mungu ampe huo mdomo siku ikifika.

Yule Mfaransa hakudanganya. Njia ilikuwa tambarare kweli, vibao kweli, mto mpana unaotembea bila haraka upande wa kushoto. Walipokea baiskeli ndefu ya kukodi huko Tours, wakafunga mizigo, na kofia ngumu alizowanunulia Élodie zikakaa vichwani, ya Orpa juu ya kilemba. Walipitwa na kila kiumbe. Walipitwa na watoto, wakapitwa na mabibi vizee wenye mikate kwenye vikapu, wakapitwa na mwanaume mmoja anayeendesha huku anasoma ramani. Kila aliyewapita alisema bonjour, na Alain aliwajibu wote kwa sauti ya mheshimiwa anayegombea ubunge.

Alitaka kuambiwa kila kitu. Mwanzoni Orpa alikuwa mchoyo wa maneno. Alisema mti, alisema maji, alisema ng'ombe. Alain akalalamika kwamba hata Mfaransa wa kwenye simu anampita. Basi akajitahidi. Alimwambia kwamba ng'ombe wa huku ni weupe na wananenepa bila haya. Alimwambia kuna nyumba zimechimbwa ndani ya mwamba, zina milango na mapazia na bomba la moshi linalotokeza kwenye majani, na kwamba mama mmoja ametokea kwenye mwamba kumwaga maji ya vyombo. Alimwambia zabibu zimepangwa mistari mpaka mbali kama kwaya. Alain alikanyaga pedali na kusikiliza. Karibu na Ancenis alisema, bila kuulizwa, kwamba hii ndiyo barabara ya kwanza wanayopita pamoja bila kukimbia kitu. Orpa alikuwa na kona mbele. Lakini alipiga kengele, bila sababu.

Asubuhi ya mwisho Alain aliacha kujibu bonjour. Orpa alilitambua hilo kabla ya kifungua kinywa kushuka. Miguu ilikanyaga, lakini mdomo ulifungwa, na mgongoni mwake alihisi kimya chake kinavyozidi uzito kila kibao kilipotaja Nantes. Nyumba ziliongezeka, madaraja yakaongezeka, mto ukajaa mashua za chuma. Josué alikuwa amesema atawangoja kwenye bustani ndogo kandokando ya maji.

Orpa alimwona kwa mbali. Mwanaume mwenye shati la kitenge, amesimama katikati ya njia kama aliyeipanga mwenyewe, kichwa kimeinama upande mmoja, kusimama kule kule kwa Alain. Pembeni yake mwanamke amevaa kitenge hichohicho. Orpa akakamata breki nyuma ya kibanda kilichofungwa.

Alimwambia Alain kwamba wamefika, Josué yupo, hajawaona. Akamwambia kwa haraka yale aliyokuwa ameyapanga njia nzima. Angeweza kutangulia yeye amweleze kwanza. Au washuke, wasukume baiskeli pamoja, yeye mbele na Alain ameshika kiti cha nyuma, watatembea wima mpaka nyumbani na hakuna atakayegundua kitu mpaka Alain awe tayari. Hata kesho. Hata baada ya harusi, akitaka. Alisema hayo yote, na kila neno alilisema kwa kumpenda, na moyoni alitamani akatae.

Alain alifuta jasho la viganja kwenye suruali.

“Iko mbali?”

“Hapana. Kama toka mlango ya kanisa mpaka mbele.”

“Twende. Usipunguze.”

Hakupunguza. Josué aliwaona, akapiga yowe, akamshika mchumba mkono, akamwachia, akaanza kukimbia kuwaelekea mikono imetanuka. Orpa alisimamisha baiskeli palepale mbele yake. Alain akashuka, akasimama wima, mkono mmoja kwenye kiti. Alikuwa anatabasamu kuelekea mahali ambapo Josué hakuwepo, hatua moja pembeni.

Josué akasimama. Mikono yake ilibaki hewani. Akatazama macho ya kaka yake, akamtazama Orpa aliyeshika usukani, akatazama tena yale macho, na uso wake ukaelewa kidogo kidogo. Hakuna aliyekohoa.

“Josué,” Alain alisema. “Macho iliisha. Ni zamani. Nilikuficha juu ya haya. Ni Mama Élodie amenileta.”

Josué alishusha mikono. Nyuma yake mchumba alikuwa amejifunika mdomo. Alain aliwasikiliza wote wawili wanavyopumua, akauachia ule mkono uliokuwa kwenye kiti, akaunyoosha mbele hewani, kiganja wazi.

“Shika mukono,” alimwambia mdogo wake. “Unipeleke kwa bibi-arusi yetu, nimusalimie.”

Josué aliudaka kwa mikono yake yote miwili, na wakaondoka hivyo, polepole, mdogo akimwambia mkubwa pana ukingo hapa, inua mguu, na mkubwa akiinua. Orpa alibaki njiani na baiskeli ndefu ya watu wawili, watalii wanampita kushoto na kulia. Alilia waziwazi, mbele ya Wafaransa, na wala hakutafuta leso.